Fizi Nyeupe za Bosi

Wiki iliyopita nilimfunua mdomo mbwa wa watu bila kuomba ruhusa. Nilikuwa nimeshuka soko la Gakoromone kuuza kabichi, na karibu yangu alikaa mama mmoja muuza ndizi aliyekuwa na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, amemfunika kwa leso kuukuu. Mbwa huyo alikuwa amelala kwa namna ninayoijua. Mbwa mzima akilala, masikio yake hayalali. Huyu hata masikio yalikuwa yamelala. Nikaacha kabichi zangu, nikachutama, nikainua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba.

"Na wewe, kwani unamnunua?" yule mama akaniuliza.

"Hapana. Mpeleke kwa daktari leo. Usingoje kesho."

Aliniangalia kwa mshangao, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa amesikia sauti yangu. Hata wateja wangu walikuwa wananiuliza bei mara mbili ndipo wasikie jibu. Lakini mambo ya mbwa mimi huyasema bila kumeza mate. Niliporudi kwenye kabichi zangu, kidole kilikuwa kinanuka mate ya mbwa mgonjwa, harufu iliyo karibu na ya sarafu iliyoshikwa sana mkononi. Wateja walikuja wakaondoka. Mimi kwa mawazo nilikuwa nimekwisha kufika kwetu Kibirichia, nyuma ya zizi, nimepiga magoti kwenye nyasi, nimeshika kichwa cha Bosi, mbwa wetu wa utotoni.

Wenzangu mliokulia kwenye baridi ile mtakumbuka jinsi tulivyoishi na mbwa. Hakuwa wa kushikwa. Alikuwa na kazi, kama jembe lilivyo na kazi. Mchana alifungwa, jioni akafunguliwa alinde stoo ya viazi. Alikula kilichobaki, ukoko wa ugali, maganda ya viazi yaliyochemshwa, mifupa ya sikukuu. Ng'ombe wetu akikohoa mara moja, Baba alitafuta simu. Mbwa akikohoa wiki nzima, tulisema mfupa umemkwama, utashuka.

Bosi alikuwa na rangi ya udongo wetu, mwekundu uliokolea, na kifua cheupe. Jina alipewa na kaka yangu Mutwiri, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakukubali kutembea nyuma ya mtu. Mkienda mtoni alitangulia, akasimama njiani akiwangoja, uso wake ukiuliza mmechelewa wapi. Mimi nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Shuleni nilijua majibu nikayaacha yapite. Lakini kwa Bosi nilizungumza mpaka koo likakauka. Nilikuwa darasa la nne, na nadhani hakuna binadamu aliyenijua mwaka ule kama alivyonijua yeye.

Kupe nilianza kuwaona msimu wa kuchimba viazi. Mwanzoni sikujua kwamba ni kupe. Niliowajua mimi walikuwa wadogo, bapa, wa kahawia, wanaotembea kwenye kiwele cha ng'ombe. Hawa wa Bosi walikuwa wanene, wa kijivu, wanang'aa, wametulia ndani ya masikio yake kama mbegu za mbarika. Kando ya choo chetu palikuwa na mbarika mkubwa, na Bosi alipenda kujilaza chini yake jua likitoka. Kwa hiyo niliamini kwamba mbegu zimemwangukia zikaota. Nikazichuma. Nilikuwa nimekwisha kuzipanga kumi juu ya jiwe ndipo moja ikaanza kutembea.

Nilipiga kelele. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akiniita.

"Kinya! Usipasue hiyo kitu na kucha! Weka kwenye mkebe wa mafuta ya taa. Na uoshe mikono na sabuni, si maji tu."

Basi ikawa kazi yangu. Kila nikitoka shule nilikaa na mkebe wangu, nikang'oa. Niliowatoa leo, kesho walikuwa na wenzao. Sikujiuliza wanatoka wapi. Nilidhani mbwa huzaa kupe kama kichwa kinavyoota nywele.

Halafu kulikuwa na maziwa. Mama alipokamua, matone ya kwanza ya kila chuchu hakuyaweka kwenye ndoo. Aliyakamulia kwenye kikombe cheusi, akaangalia kama yana mabonge, kisha akanipa nikamwage. Sikuyamwaga. Nilimpelekea Bosi. Wiki hizohizo mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametufundisha kwamba maziwa hufanya meno kuwa imara na meupe, nami nikaona nimepata jaribio langu mwenyewe. Nikawa nainua mdomo wa Bosi kila siku kuangalia matokeo.

Meno hayakubadilika. Yalibaki na umanjano wake. Lakini fizi! Zilizokuwa za waridi zilianza kufifia. Wiki ya pili zilikuwa kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Wiki ya tatu zilikuwa nyeupe kabisa, nyeupe ya kiazi kilichomenywa sasa hivi. Nilifurahi sana. Sikumwambia mtu, kwa kuwa maziwa yale nilitumwa kuyamwaga, lakini moyoni nilijua kwamba katika Kibirichia nzima hakuna mbwa mwenye mdomo safi kama wa Bosi.

Leo najua nilichokuwa nikikitazama. Nilikuwa nikitazama damu ikimwishia rafiki yangu, siku baada ya siku, huku nikijipongeza.

Dalili nyingine zilikuja, na kila moja nilikuwa na maelezo yake. Aliacha kutangulia njiani. Nikasema amenyooka tabia. Aliacha ugali, akanusa tu na kugeuza uso. Nikasema ameshiba maziwa. Alikuwa na joto hata asubuhi ya ukungu, nikalaza kichwa changu kwenye ubavu wake nikashukuru. Jioni moja alipiga chafya na matone mawili ya damu yakaangukia mkono wa sweta yangu ya shule. Nikaangalia ua wetu wa michongoma, nikasema mwiba umemchoma pua. Mtoto akitaka kitu kiwe sawa, hakosi sababu.

Baba ndiye aliyeona kwamba hakuna kilicho sawa, lakini aliona kwa njia yake. Stoo ilikuwa imejaa viazi, tulikuwa tunangoja lori, na mbwa hakuwa anabweka.

"Jana mtu amepita hapa na punda mpaka mlangoni," Baba alisema tukinywa chai. "Mbwa ameinua jicho moja tu. Moja."

"Labda alimjua punda," Mutwiri akasema.

"Nyamaza. Nimeongea na Mzee M'Ikiara. Jumamosi atakuja amkate sikio. Akikataa kuamka hapo, basi. Kuna mtu Kianjai ana watoto wa mbwa wakali. Hatuwezi kufuga wawili, mmoja wa kula na mmoja wa kubweka."

Hakusema Bosi atapelekwa wapi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mzee M'Ikiara alikuwa jirani yetu wa juu, na ukienda kijijini mwetu siku zile ukakuta mbwa ana pengo kwenye ncha ya sikio, ulijua mkono wake ulipita hapo. Aliamini kwamba mbwa akizubaa ni kwa sababu damu ya zamani imesimama kichwani. Ukiitoa kidogo, mpya inashuka na ukali unarudi. Alitumia wembe, akapaka jivu la moto wa jikoni. Mbwa aliruka, akalia, akazunguka boma mara tatu, na watu wakasema, mnaona, ameamka. Hakuwa mtu mbaya. Mifuko yake haikukosa njugu za kuwapa watoto, na kazi hii hakuitoza mtu. Alikuja kwa sababu aliitwa.

Jumamosi ilifika na mambo mawili pamoja. Ng'ombe wetu aliamka akilia, anapanda ua wa zizi, kumbe yuko tayari kupandishwa, na Baba akampigia simu daktari wa mifugo. Daktari huyu alikuwa mtu wa Embu, ametumwa upande wetu kikazi, na alikuja kwa pikipiki na mtungi wake wa mbegu za fahali zilizogandishwa. Kimeru alikisikia akakijibu kwa Kiembu, watu wakacheka, kwa hiyo mwishowe wote walizungumza Kiswahili. Kwangu huo ulikuwa ukuta wa pili. Kuongea mbele ya watu wazima sikuweza hata kwa lugha ya nyumbani.

Alipomaliza na ng'ombe, Mama alinipa jagi la maji ya moto nimmwagie daktari anawe. Alivua glavu ndefu, akajipaka sabuni mpaka viwiko. Hatua kumi kutoka pale, Mzee M'Ikiara alikuwa amekwisha kufika. Alimfunga Bosi mdomo kwa kamba ya katani, akamfunga shingo kwenye nguzo ya stoo, na Mutwiri akashika miguu ya nyuma. Bosi hakupigana. Mbwa aliyekuwa akimng'ata hata mgeni wa kumsogelea, alimwacha mzee amshike sikio kama nguo iliyoanikwa.

Niliona wembe ukitolewa kwenye karatasi yake. Niliona maji yakimwagika. Daktari alisema, "Inatosha, msichana, asante," nami nikaendelea kumwaga, mpaka jagi likaisha na viatu vyake vikalowa.

"Daktari," nilisema.

"Sema."

Kiswahili chote cha darasa la nne kilinikimbia. Kilichobaki kilikuwa swali lile la siri, la kipumbavu, lililokuwa moyoni kwa wiki tatu. "Mbwa akikunywa maziwa mengi, mdomo wake unakuwa mweupe?"

Mutwiri aliangua kicheko akaachia mguu mmoja. "Ati mdomo mweupe! Kinya, si umpake na mafuta ya kujipaka basi!"

"Maziwa!" Mzee M'Ikiara alitikisa kichwa. "Baba Mutwiri, kumbe hapa kwako mbwa amegeuzwa ndama. Ndiyo maana habweki. Unangoja alie *muu*?"

Hata Baba alitabasamu. Mama aliniangalia, na nikajua amekwisha kujua maziwa ya kikombe cheusi yalikokwenda. Masikio yangu yaliwaka. Nilitaka kukimbilia nyuma ya choo. Lakini daktari hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama na mikono yake inadondosha maji.

"Mweupe wapi? Meno?"

"Hapana. Ile nyama inashika meno."

"Mweupe kama nini?"

"Kama kiazi kimemenywa."

Daktari aligeuka. "Mzee," alisema, kwa adabu lakini haraka, "hebu ngoja na huo wembe."

Alichutama mbele ya Bosi, akafungua kamba ya mdomoni, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Aliangalia muda mrefu. Kisha akavuta chini ngozi ya jicho, akaangalia na humo. Akaniita, "Njoo. Lete kidole." Nilimpa. Akabonyeza ukucha wangu kwa nguvu, akauachia. "Umeona? Nikibonyeza, unakuwa mweupe. Nikiachia, nyekundu inarudi. Hiyo ni damu yako inarudi nyumbani. Sasa angalia wake." Akabonyeza ufizi wa Bosi, akaachia. Hakuna kilichobadilika. Palikuwa peupe, pakabaki peupe. Hakukuwa na kitu cha kurudi.

"Ameanza kukataa chakula lini?" alimwuliza Baba.

Baba alimwangalia Mama. Mama akaniangalia mimi.

"Huyo ndiye anajua," Mama akasema.

Na kweli nilijua. Kilikuwa kitu cha ajabu kugundua, kwamba kati ya watu wote waliosimama pale, wazee na wasomi wa nyumba, mimi peke yangu nilikuwa na majibu. Nilisema ugali aliuacha siku gani na maji bado anakunywa, ila kidogo. Nilisema joto. Nilisema haendi tena mbele. Daktari akauliza kama mkojo wake umebadilika, nikasema umekuwa kama chai ya rangi. Akauliza kama amewahi kutoka damu puani, nikainua mkono wa sweta yangu ya shule iliyokuwa imeanikwa uani, nikamwonyesha doa ambalo sabuni haikulitoa.

"Ni mwiba," nilisema.

"Si mwiba," akasema. Akamgeukia Mzee M'Ikiara. "Mzee wangu, ungekata hili sikio, tungekaa hapa tukishika vitambaa mpaka jua lizame, na damu isingesimama. Imebaki kidogo, na hiyo kidogo imesahau kuganda."

"Na hiyo nyingine imeenda wapi?" mzee aliuliza.

Daktari alipanua vidole vya mguu wa mbele wa Bosi. Mle katikati, mahali ambapo sikuwahi kuangalia hata siku moja, walikuwa wamejipanga kama shanga. Aliinua mkia, wakawa wapo. Kwapani, wakawa wapo. "Wanakunywa," alisema, "lakini kunywa si ubaya wao mkubwa. Wakiuma wanaacha ugonjwa ndani, na ugonjwa ndio unaobomoa damu. Hata ukiwang'oa wote leo, ugonjwa umebaki."

Mzee M'Ikiara alikunja wembe kwenye karatasi yake, polepole, pembe kwa pembe. "Mimi nimekata masikio ya mbwa wa kijiji hiki chote," alisema, si kwa daktari, si kwa mtu. "Kuna wengine walikufa. Nilisema nimechelewa kuitwa." Aliiweka ile karatasi mfukoni, lakini hakuondoka.

Baba alikuwa bado anapigana na hesabu nyingine kichwani mwake. "Daktari, lakini mimi ng'ombe nampulizia dawa kila Jumatatu. Zizi langu ni safi. Kupe wanatoka wapi?"

"Mbwa analala wapi?"

"Kwenye nyasi za nepia," nilijibu kabla ya Baba. "Zile za ng'ombe tunakata kando ya barabara."

"Basi umejibiwa. Kupe wanakuja na nyasi, wakimpanda ng'ombe wanakuta dawa. Wataenda wapi? Wanamwendea huyu asiye na mtu."

"Basi nimpulizie na yeye, bomba liko hapo bado na dawa."

"Kwa kipimo cha ng'ombe? Usithubutu. Ng'ombe hajilambi mwili mzima kama mbwa. Huyu atailamba yote, atatetemeka, atatoka povu, na utasema ni kichaa. Kuna dawa yake na kipimo chake, uliza kwanza."

Baba alivua kofia, akaivaa. "Sasa mbwa achomwe sindano kama mtu?"

Siku zile kwetu lilikuwa swali la kweli, wala sitamcheka leo. Hakuna mtu kijijini aliyekuwa amemtibu mbwa. Mbwa alipona au hakupona. Mutwiri alikuwa ameachia miguu yote, lakini Bosi alibaki vilevile, amelala, jicho moja kwangu.

"Mchome," Mama akasema. Akachukua jagi tupu mkononi mwangu akarudi jikoni, na hapo mjadala ukawa umekwisha.

Nimefuga mbwa wanne tangu siku ile, na majirani huniletea wa kwao. Shule niliishia darasa la nane, lakini hili nalijua na nalisema wazi. Usishike pua ya mbwa ukasema ni baridi basi ni mzima. Inua mdomo, uone rangi, na uijue rangi yake akiwa mzima ili uijue akiwa mgonjwa, maana wengine wana fizi nyeusi na utatazama ndani ya jicho badala yake. Pekua katikati ya vidole. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo la mviringo na mbavu zinazohesabika hajashiba, ana minyoo. Anayejikuna sikio huku ameinamisha kichwa upande mmoja, sikio linauma ndani, wala si utundu. Na zile tembe zako za kichwa usimpe, hata nusu. Nimeona nyumba nzuri, yenye watu wa huruma, ikimuua mbwa kwa huruma hiyo. Wembe wa Mzee M'Ikiara nao ulikuwa huruma.

Daktari alimchoma Bosi sindano mbili, akaacha tembe za wiki tatu, na akauliza nani atampa. Nikasema mimi. "Hata akianza kuruka, umalize zote," aliniambia. "Na usimpe pamoja na maziwa. Maziwa yanaikamata dawa tumboni isifanye kazi. Umesikia, mama wa maziwa?" Watu wakacheka tena, lakini safari hii nilicheka pia.

Tembe zilikuwa chungu. Nilijaribu kuficha ndani ya ugali, akala ugali akaacha tembe juu ya jiwe, safi kabisa. Ndipo nikagundua kiazi. Nilichemsha kimoja, nikakiponda kikiwa cha vuguvugu, nikaviringisha tembe katikati, nikasukuma mpaka nyuma ya ulimi na kusugua koo. Vidole vyangu vilijua njia ya mdomo ule.

Siku ya kwanza hakuna kilichobadilika, wala ya pili. Siku ya nne nilirudi kutoka shule nikamkuta hawezi kuinua kichwa. Niliita jina lake, mkia ukasogea mara moja, kisha ukachoka. Na nyuma ya stoo nilisikia jembe. Nilichungulia. Baba alikuwa amevua koti, anachimba, na udongo mwekundu ulikuwa umerundikana pembeni mwa shimo.

Sikumwuliza kitu. Nilirudi nikakaa chini, nikaweka kichwa cha Bosi kwenye mapaja yangu na kumwambia mambo yote niliyokuwa nimeyabakisha. Nilimwambia pole kwa maziwa. Nilisikiliza jembe likipiga, likipiga, likanyamaza, kisha likaanza tena mahali pengine. Halafu pengine. Nilishangaa, kwa kuwa Bosi hakuwa mbwa mkubwa hivyo. Nilipochungulia tena niliona mashimo manne, madogo, yamepangwa kama miguu ya meza, na Baba anasimamisha nguzo kwenye la kwanza.

"Usisimame hapo kama mnazi," aliniita bila kugeuka. "Shika hii nguzo. Daktari alisema nyasi ndizo zinaleta kupe, au hakusema?"

"Alisema."

"Basi atalala juu. Kama mfalme wa viazi."

Tulimjengea kitanda cha mbao kuukuu, kimo cha goti kutoka chini, na paa la bati. Nyasi za nepia zikahamishiwa upande wa pili wa zizi. Jioni ile Baba alimbeba Bosi mwenyewe, mikono miwili, uso akiuelekeza kando kwa ajili ya harufu. Nilikuwa sijawahi kumwona akimgusa.

Siku ya saba Bosi alikula maganda ya viazi. Siku ya tisa alisimama kumwangalia kuku. Mimi niliangalia fizi kila asubuhi na kila jioni, na kila nikipita Baba aliuliza, akijifanya anatafuta kitu kingine, "Bado kiazi?" Nikajibu, "Bado kiazi." Mzee M'Ikiara alikuja mara mbili, akasimama mlangoni na mikono nyuma, akauliza swali hilohilo.

Siku ya kumi na mbili, Jumatano, niliamka nikasikia Baba ananiita kutoka nyuma ya stoo. Nilitoka bila viatu, umande ukiniuma vidole, nimejiandaa kwa lolote. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kitanda, na suruali yake ya shamba imelowa magotini. Alikuwa ameinua mdomo wa Bosi kwa kidole chake kikubwa chenye nyufa za udongo, na Bosi alikuwa anamvumilia.

"Hebu njoo uangalie," alisema. "Mimi sizijui hizi rangi zenu. Imerudi ama ni macho yangu?"

Nilipiga magoti kando yake. Nilibonyeza ufizi, nikaona weupe, nikaachia. Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Kisha, kutoka pembeni, polepole, kama chai inavyoingia kwenye maziwa, rangi ilitambaa ikarudi katikati, waridi hafifu sana, lakini waridi.

"Imerudi," nilimwambia.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Lakini dawa haijaisha. Bado siku tisa, na ya leo hajapata."

Nilisema hivyo kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mtu mzima, na nikangoja nikemewe. Baba alinitazama, akatazama mbwa, akasimama akipangusa magoti. Kisha akaenda jikoni, mahali ambapo sikuwa nimemwona akiingia kufanya kazi maishani mwangu, na nikamsikia akimwuliza Mama kiazi huchemka kwa muda gani.